Sehemu ya Pili Haikufika Ipililo

Bariadi, Jumapili jioni, mwezi wa sita.

Jua limewaka kutwa nzima, na upepo wa kiangazi umeniingizia vumbi hadi kwenye droo ya nyuzi. Nimefagia kibanda, nikafagia tena, nikaacha. Vidole vimechanika kwa maganda makavu ya pamba, mgongo unauma, na nina furaha ambayo ungeniambia habari zake Ijumaa mchana ningekufukuza.

Maana Ijumaa mchana nilikuwa na hasira. Hasira hasa, ile ya kushona kola ya mtu kinyume.

Kisa ni kitabu. Ndiyo, kitabu, cheka tu.

Ninyi mnaopita hapa kwenye blogu mnajua nilivyomsubiri mwandishi wangu. Simtaji jina, maana leo sina nia ya kumwanika. Mnajua nilivyopigania sehemu yake ya kwanza kwenye kundi letu la wasomaji, mpaka dada mmoja wa Dodoma akaniuliza kama nalipwa. Silipwi. Nilikipenda tu kile kitabu, mpaka jalada likatoka.

Kwa asiyekisoma: Rehani ni mchunga mbuzi wa milimani, msichana mwenye mdomo, hanyamazishwi na mtu. Anakutana na Shahimu, mwana wa mfalme wa nchi ya ukungu, kijana mzuri asiye na kivuli. Jua likimpiga anayeyuka. Wanapendana. Watu wa ukungu wanatuma mbuzi weupe kwa mama yake Rehani, posa inapokelewa, na mwishoni kabisa Rehani anaikata nusu ya kivuli chake kwa mkasi wa fedha na kumpa mumewe ili naye atembee juani. Basi. Sehemu ya kwanza ikaishia hapo, huyu ana nusu na yule ana nusu, wameshikana mikono saa sita mchana.

Nililia nilipoisoma, na ilinifaa wakati ambao hakuna kingine kilichonifaa.

Sehemu ya pili imefika Jumatano kwa basi, kwenye bahasha ya kaki. Niliifungulia palepale stendi. Alhamisi nilishona huku kitabu kimeegemea chupa ya chai, na mteja wangu mmoja akapata mfuko mmoja badala ya miwili. Nitamrekebishia bure.

Ukurasa wa kwanza Rehani analia. Nikasema sawa, kuna mtu kafa. Hakuna aliyekufa. Analia kwa sababu Shahimu hakumwangalia wakati wa chakula. Ukurasa wa hamsini bado analia. Kaja binti wa mfalme mwingine, shingo ndefu, nywele hadi magotini, na Rehani wetu, Rehani aliyemwambia mfalme wa ukungu kwamba kiti chake kinanuka, sasa anajificha nyuma ya pazia kuchungulia. Kile kivuli tulichokililia kinarudishwa kwa dawa fulani, mistari miwili, kwisha. Mama yake hatajwi. Wale mbuzi weupe hawatajwi.

Halafu kuna mnara.

Shahimu anamfungia Rehani kwenye mnara. Anatembea na ufunguo kiunoni. Anasema ukungu una macho, anasema ni kwa sababu anampenda. Rehani anagonga mlango, analia, anachoka, halafu anakaa chini na kuelewa (ndivyo ilivyoandikwa, anaelewa) kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kupendwa kiasi hicho. Anamsamehe. Wanabusiana. Ukungu unageuka waridi.

Nikakifunga kitabu. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake, akaniuliza, "Fundi, vipi, unaumwa?" Nikamwambia mashine imeniudhi.

Sijawahi kuandika hapa kwa nini niliacha ndoa. Leo naandika, kwa ufupi.

Niliolewa Malampaka. Ng'ombe wa mahari walifika nyumbani kwetu Ipililo kwa vigelegele, na mimi nilikwenda kwa mume wangu nikiwa nimependeza. Alikuwa mtu wa biashara ya mpunga, msafi, mcheshi mbele za watu. Akitoka asubuhi alikuwa anafunga mlango kwa nje. Alisema mji una macho. Alisema ni kwa sababu ananipenda. Baadaye akachukua na simu.

Mara ya kwanza hata mimi niliona ni mapenzi. Naomba mnielewe hapo.

Siku moja mchana nilisikia kengele za ng'ombe uani na sauti ya mayu, yaani mama yangu. Nilikuwa chumba cha nyuma, sikusikia walichosemezana. Nilisikia tu mlango unafunguliwa, na mayu akasema, "Minza, chukua nguo zako." Alikuwa amewarudisha ng'ombe wote. Baba alishafariki, kwa hiyo aliwaswaga yeye mwenyewe, na baba mdogo nyuma yake akilalamika jua kali. Ndoa ikaisha hivyo. Tulirudi kwa miguu, tena katikati ya gulio, watu wamejaa, kila mtu ananitazama na kifurushi changu. Niliomba ardhi ipasuke. Kulikuwa na njia ya nyuma, mashambani, na mayu anaijua vizuri. Hakuipita. Sikumuuliza kwa nini na yeye hakusema. Siku ile hatujawahi kuizungumza.

Niliporudi nyumbani sikuwa na maneno. Ukinisalimia naitikia, basi. Wakati wa kuchambua pamba nilikaa pembeni ya turubai na kile kitabu, sehemu ya kwanza, nilichoazimwa na mwalimu mmoja (changu nilinunua baadaye). Shangazi Holo, dada wa marehemu baba, alinivumilia siku kadhaa akachoka. "We Minza, hicho kitabu unakisoma mwenyewe kama mchawi? Tuambie na sisi." Nikaanza kuwaambia. Kwa Kisukuma, huku tunachambua: pamba safi huku, fifi ile ya njano kule. Sauti yangu ilirudi pale, na mdomo wa Rehani. Nilimkopi kila kitu. Mwishoni mwa msimu nikamwambia mayu nataka kwenda Bariadi kujifunza kushona, nikaenda.

Tangu hapo kila nikipiga simu nyumbani mayu ananiuliza mambo mawili. Nimekula? Na sehemu ya pili imetoka?

Shangazi Holo yeye anauliza kama wale mbuzi weupe wamezaa. Kwake hiyo ndiyo hadithi. Watu waliotuma mbuzi kwa adabu lazima waje waonekane tena, na mbuzi hawakai bure bila kuzaa.

Sasa mnaona mtego wangu. Ijumaa mayu akapiga: turubai limetandikwa, kesho tunachambua, kitabu umekipata? Nikasema nimekipata. Akacheka kama msichana, akakata simu kabla sijasema neno.

Nilishika kichwa. Nikawaambie nini? Kwamba Rehani alifungiwa akashukuru? Niyaseme hayo kwa mdomo wangu, mimi, mbele ya mama aliyenitoa kwenye mlango kama ule?

Nilichofanya kwanza ni kuandika hapa uchambuzi mkali wa kumtia mwandishi adabu. Nilitumia maneno ambayo mchungaji wetu akiyasoma atanipangia maombi. Sikuuchapisha, ukabaki kwenye rasimu. Jumamosi asubuhi na mapema nikaweka kitabu kwenye mkoba, nikaenda Ipililo.

Walikuwa watatu kwenye turubai: mayu, shangazi Holo, na jirani yetu mama Masunga. Lundo la pamba limefika kiunoni. Tukasalimiana, ng'wangaluka, mhola, mhola duhu, na kabla sijakaa vizuri shangazi akasema, "Haya, lete."

Nilianza kwa ujanja. Kilio cha kurasa hamsini nikakifanya chozi moja. Yule binti wa shingo ndefu nikampa mafua, wakacheka. Nikapamba ikulu, nikaongeza chakula. Nilijiona fundi. Lakini hadithi ina njia yake, na mnara ulikuwa mbele pale, huwezi kuuzunguka, kitabu kizima kimesimama juu yake.

"Shahimu akamfungia," nikasema.

Mikono ikasimama.

"Kamfungia wapi?" mama Masunga akauliza.

"Mnarani. Ufunguo anao kiunoni."

Mama Masunga aliniangalia, akarudisha macho kwenye pamba haraka. Ipililo nzima inajua habari zangu. Shangazi Holo naye anajua, lakini yeye hana breki. "Halafu Rehani akamwambiaje? Kwa mdomo ule? Hebu mpe maneno yake, tumsikie!"

Nikafungua mdomo niseme akamsamehe. Neno halikutoka. Kwa Kiswahili labda ningeweza. Kiswahili nimekikuta shuleni, naweza kujificha ndani yake, ndiyo maana hata haya nayaandika. Kisukuma ndicho nilichomlilia mayu nikiwa mchanga, na mayu alikuwa amekaa mbele yangu.

Nikaokota pamba moja nikaichambua mpaka ikaisha mkononi.

Ndipo mayu, bila kuinua kichwa, akasema, "Mama yake akapata habari."

Tukamgeukia. Mayu hasimulii hadithi, mimi sijawahi kumsikia. Kazi yake ni kusikiliza na kusema *ehee*.

"Alipataje?" shangazi akauliza.

"Kwa wale mbuzi weupe. Kila asubuhi walikuwa wanatoa maziwa, anajua mwanangu mzima. Asubuhi moja akakamua, hakuna. Kesho yake hakuna. Akajua."

Mimi kule Malampaka simu yangu ilizimika ghafla. Nilikuwa nampigia kila asubuhi.

"Akaenda kwa wazee," mayu akaendelea. "Wazee wakamwambia subiri, ndoa ni kuvumilia, labda kijana anampenda sana. Akawasikiliza mpaka wakamaliza. Akasema asanteni. Akaenda kufungua zizi."

Hapo nikaacha kuchambua.

Mayu akatueleza jinsi mama yake Rehani alivyoswaga mbuzi kuelekea nchi ya ukungu. Kiatu kimekatika akakitupa. Shemeji yake yuko nyuma analalamika. (Shangazi Holo akaguna, maana huyo mlalamikaji ni mdogo wake.) Njiani watu wanamuuliza, mama, wapi na mbuzi wote hawa? Anawajibu kwa sauti, kila mmoja, hafichi: naenda kumchukua mwanangu.

"Kwa nini asipite njia ya nyuma?" mama Masunga akauliza. "Aibu hiyo."

"Yaya," mayu akasema. Hapana. Akatikisa kichwa, mkono unaendelea na kazi. "Angepita njia ya nyuma, mtoto naye angerudi kwa njia ya nyuma. Akirudi kwa kujificha, atajificha maisha yake yote. Alitaka watu wote wamwone siku moja, wachoke kumtazama, yaishe."

Jamani.

Miaka yote hii nimebeba gulio lile kama aibu. Macho ya watu yale, kifurushi changu, jua lile. Niliwahi hata kumlaumu moyoni kwamba hakunifikiria. Kumbe ndilo jambo alilolifikiria kuliko yote.

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Mayu hakuniangalia hata kidogo, alijua akiniangalia hataweza kumaliza. Mama yake Rehani akafika langoni kwa watu wa ukungu. Akasema, mali yenu hii hapa, nipeni mwanangu. Shahimu akatoka na ufunguo kiunoni, mzuri, anang'aa. Akasema, lakini mama, mimi nampenda.

"Akamjibuje?" Shangazi alikuwa ameshapiga magoti juu ya pamba safi.

"Akamwambia, sikuja kuuliza hilo."

Weee! Shangazi Holo alirusha pamba juu. Mama Masunga alipiga kofi, akapiga tena. Mimi nacheka na kamasi zinanitoka, sijui nishike kipi.

Lakini hayakuisha. Mayu akasema watumishi wa ukungu waliwahesabu mbuzi, wakasema hawa wamezaa, na watoto wao tunawataka.

Naomba nieleze. Ng'ombe mmoja kati ya wale wa mahari yangu alizalia kwetu. Ndama mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na mayu alimlea kwa mkono kwa sababu mama yake alimkataa. Alikuwa anamfuata mpaka jikoni. Upande wa mume ulimtaka na yeye, na mayu akamtoa siku ileile, bila ubishi, ili maneno yaishe tuondoke. Hilo nililijua. Nilidhani kwake ni mfugo tu, umekwenda.

"Akawapa?" shangazi akauliza, safari hii kwa upole. Yeye alikuwepo nyumbani siku mayu alipofungua zizi.

Mkono wa mayu ulikuwa ndani ya lundo la pamba, haukutoka.

"Yaya," akasema. "Hao hakuwapa. Alirudi nao, na Rehani, wote pamoja."

"Alifanya vizuri," shangazi Holo akasema.

"Alifanya vizuri," mama Masunga akaitikia.

Tukachambua kidogo. Kisha mama Masunga, ambaye hapendi jambo libaki linaning'inia, akakumbuka. "Na kivuli je? Si alibaki na nusu?"

"Walitembea pamoja," mayu akasema. "Cha mama kilimtosha njiani. Baadaye chake kikaota."

Akasimama, akakung'uta kanga, akaenda kuangalia maharage kama mtu ambaye hajasema kitu. Shangazi Holo alimsindikiza kwa macho mpaka jikoni, halafu akanipiga begani. "Mwambie huyo mwandishi wako mwaka huu kaandika vizuri sana. Tena aendelee hivyohivyo!" Tulicheka mpaka pamba safi ikachanganyika na fifi, tukaanza upya.

Kitabu hakikutoka kwenye mkoba.

Asubuhi ya leo, baada ya ibada, mayu alinisindikiza hadi barabarani. Tukasimama kusubiri usafiri. Akaniuliza huku anaangalia pembeni, "Kwenye kitabu chenyewe, mama yake alikuja?"

"Hakuja, mayu."

"Hata kutajwa?"

"Hata kutajwa."

Akafikiri. Nikasubiri amtukane mwandishi, nimsaidie. Akasema tu, "Masikini. Labda alichoka." Akanirekebisha kitenge begani kama vile naenda shule.

Nimefika Bariadi nimeufuta ule uchambuzi mkali. Naandika huu badala yake, na msimamo wangu ni huu: sehemu ya pili ni mbovu. Sitaipendekeza kwa mtu. Mlango unaofungwa kwa nje si mapenzi, uwe wa mbao au wa ukungu, na kwenye kundi wanitoe wakitaka. Lakini mwandishi huyu alinipa mdomo siku ambazo sikuwa nao, kwa hiyo simtukani. Kitabu chake cha kwanza kitabaki pale kwenye rafu juu ya nyuzi. Cha pili kinasaidia kuegemeza mguu wa meza.

Nimekaa hapa najivuna peke yangu. Nimesoma vitabu vingi vya mapenzi, nimewaonea wivu wasichana wengi wenye taji, na kumbe hakuna hata mmoja wao aliyefuatwa kama nilivyofuatwa mimi.

Kesho ni Jumatatu, nina sare za kwaya za kumaliza, na kuanzia kesho naweka akiba. Nataka ndama jike, mwekundu, mwenye doa la paji la uso. Najua pa kumpata: Malampaka kulekule hawakosekani. Moyo unanidunda nikiandika jina la mji huo, lakini nitakwenda. Na nikishamnunua simpakii kwenye gari. Namswaga mwenyewe mpaka kwa mayu, siku ya gulio, kwa barabara kubwa.